Impreza WRX na hewa baridi: boksi la kiwandani, koni, seti ya dukani au inteki ya kutengenezesha?

Subaru Impreza WRX ya 2001 hadi 2007, ile ya injini ya EJ20 yenye turbo (pampu inayosukuma hewa kwenye injini), inatoka kiwandani ikiwa tayari na inteki, yaani njia ya kuvutia hewa, ya hewa baridi. Boksi la chujio limekaa mbele upande wa kulia, na mdomo wake unavuta hewa ya ndani ya madigadi kupitia kopo la plastiki la kupunguza kelele. Hewa ya chumba cha injini haihusiki. Jambo hili husahaulika kila mara mtu anapoanza kuuliza afunge nini. Anang'oa boksi, anafunga koni nyekundu inayong'aa, chujio lisilo na boksi, karibu kabisa na turbo, anasikia gari linavuta pumzi kwa sauti, na anaamini ameongeza nguvu. Ameongeza sauti. Sauti nayo ina raha yake, sikatai, ila mtu ajue anacholipia.

Nitalinganisha njia nne: kubaki na boksi la kiwandani, kufunga koni wazi, kununua seti iliyotengenezwa na kampuni, na kutengenezesha inteki yako kwa fundi wa kuchomelea. Nimechagua WRX na STI (ndugu yake mwenye nguvu zaidi) za umbo hilo kwa sababu zimejaa Nairobi, Arusha na Dar, na kwa sababu mengi nitakayosema yanaihusu pia Forester ya turbo ya miaka hiyohiyo. Mwenye Toyota Altezza naye asome, ingawa hukumu yake mwishoni ni tofauti kidogo.

Hesabu kabla ya koni

Injini inachoma hewa kwa uzito. STI yenye afya ikikanyagwa hadi mwisho hupitisha takriban gramu 250 za hewa kwa sekunde, ambazo usawa wa bahari, kwenye joto la nyuzi 30, ni kama kumeza pipa zima la lita 200 kila sekunde. Hewa ya nyuzi 50 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 30 kwa asilimia 6 hivi. Kwenye Altezza RS200, ambayo 3S-GE yake haina turbo, hasara hiyo ya asilimia 6 inaingia yote kwenye silinda.

Kwenye WRX mambo yanabadilika njiani. Chukua turbo inayozidisha kanieneo mara mbili kwa ufanisi wa asilimia 70. Hewa iliyoingia na nyuzi 30 itatoka ikiwa na nyuzi 125 hivi. Iliyoingia na nyuzi 50 itatoka na nyuzi 150. Kisha inapita kwenye intakula, ile rejeta ya hewa iliyolala juu ya injini chini ya tundu la boneti. Intakula ikiondoa asilimia 70 ya joto lililozidi la nje, hewa ya kwanza inafika kwenye injini na nyuzi 58 na ya pili na nyuzi 66. Zile nyuzi 20 ulizokuwa unazipigania mlangoni zimebaki 8, sawa na asilimia 2 na nusu ya uzito wa hewa. Kompyuta ya injini nayo inaweza kuirudisha tofauti hiyo kwa kuongeza msukumo wa turbo kidogo tu.

Kwa hiyo kwenye gari la turbo, joto la mlangoni ni la tatu kwa umuhimu. La kwanza ni sensa ya hewa, ile inayopima hewa inayoingia, kusoma ukweli, la pili ni vumbi. Tena kama shida yako ni joto, angalia kwanza raba inayoziba kati ya tundu la boneti na intakula. Kwenye magari ya umri huu mara nyingi imechanika, na upepo uliopaswa kupita katikati ya intakula unatorokea pembeni. Raba hiyo ni bei ya kawaida kabisa na hakuna anayeizungumzia, labda kwa sababu haionekani boneti ikifunguliwa kwenye maonyesho.

Wa Nairobi wana jambo jingine. Kwa mwinuko wa karibu mita 1,800, kanieneo ya hewa iko chini ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Hakuna bomba wala koni itakayoirudisha. Turbo inarudisha sehemu kubwa, ndiyo maana magari haya yanapendwa huko juu, lakini inazunguka kwa kasi zaidi ili kufika palepale. Kizuizi chochote mbele yake kinauma zaidi kuliko pwani.

| | Boksi la kiwandani | Koni wazi | Seti ya dukani | Ya kutengenezesha |
|---|---|---|---|---|
| Joto la hewa kwenye foleni | Dogo | Kubwa | Inategemea kama ina boksi | Dogo, likijengwa na boksi |
| Vumbi | Bora kuliko zote | Dhaifu | Wastani | Inategemea chujio na mikanda |
| Hatari ya maji | Ndogo | Ndogo | Kubwa, chujio likiwa ndani ya madigadi | Wewe ndiye unayeamua |
| Kompyuta kuratibiwa upya | Hapana | Karibu kila mara | Mara nyingi | Lazima, ukigusa kipenyo cha sensa |
| Gharama | Chujio tu | Kidogo | Kubwa, na ushuru juu | Kati, pamoja na kutuni (kuratibu kompyuta) |

Boksi la kiwandani

Pima kwanza kama linakuzuia. Kipimo chake anacho mwashi: ule mpira mwangavu wa maji anaopimia usawa wa msingi. Ukunje kwa umbo la U kwenye ubao, kila mguu uwe na urefu wa mita moja, jaza maji hadi nusu, na unganisha ncha moja kwenye tundu lolote dogo lililopo kati ya chujio na turbo. Katikati weka chupa tupu ili maji yakivutwa kupita kiasi yaishie humo, yasifike kwenye turbo. Ncha ya pili iache wazi ndani ya gari. Mtu mwingine aendeshe sehemu salama iliyonyooka, wewe usome tofauti ya maji kati ya miguu miwili gari likikanyagwa hadi mwisho. Kila sentimita 10 za tofauti ni takriban asilimia 1 ya kanieneo ya hewa pwani, na zaidi kidogo Nairobi.

Ukiona sentimita 30, basi hata inteki isiyo na kizuizi chochote, kitu ambacho hakipo duniani, haiwezi kukurudishia zaidi ya asilimia 3 hadi 4. Rudia kipimo ukiwa umetoa chujio na kufunga boksi bila kitu ndani, kwa mbio moja fupi, barabara ya lami, siku isiyo na vumbi. Kama namba imeshuka sana, kinachokubana ni chujio chafu, na umepona kwa bei ya chujio jipya la karatasi. Kama imeshuka kidogo tu, kinachobana ni boksi au kopo la madigadi. Kwa WRX isiyobadilishwa turbo, wengi wataishia kwenye jibu la chujio, na hapo habari ya kutengenezesha inteki inaisha yenyewe.

Wakati uko humo, papasa mpira mkubwa unaotoka kwenye boksi hadi kwenye turbo, ule unaopita chini ya manifoldi. Kwa umri wake unapasuka upande wa chini usioonekana. Hewa inayoingia kupitia ufa huo haikupimwa na sensa, mchanganyiko unakuwa na mafuta pungufu, na taa ya injini inawaka na kodi P0171. Magari mengi yaliyofungwa inteki mpya "yakapata nguvu" yalikuwa na ufa huu, na kilichosaidia ni mpira mpya uliokuja na inteki.

Anayetaka mlio bila gharama aondoe lile kopo la kupunguza kelele ndani ya madigadi. Boksi linabaki, chujio linabaki, sensa haiguswi, na turbo inasikika vizuri tu.

Koni wazi

Koni ina mtetezi mmoja wa kweli: gari likiwa linakimbia, upepo unafagia chumba cha injini na hewa inayofika kwenye koni haiko mbali sana na ya nje. Tatizo ni foleni. Simama nusu saa Barabara ya Morogoro au Thika Road, kisha njia ifunguke na ukanyage. Sekunde hizo za kwanza unavuta hewa iliyokuwa imelala juu ya turbo na manifoldi ya moshi.

Hilo ningelisamehe. Nisilolisamehe ni vumbi. Kwenye boksi la kiwandani chujio la karatasi limebanwa pande zote na raba yake, na vumbi zito linadondoka chini ya boksi kabla ya kufika kwenye karatasi. Koni za bei rahisi zina pamba nyepesi yenye matundu unayoweza kuyaona ukiiinua kwenye jua. Ukitoka lami ukaingia barabara ya vumbi wakati wa kiangazi, vumbi hilo linapita, linasugua mabawa ya turbo upande wa kuvuta, linabaki kwenye waya wa sensa, kisha linaingia kwenye silinda na kula ringi. Gari halitalalamika leo. Litaanza kula oili baada ya muda, na hapo watu watailaumu injini ya boksa, hii ya Subaru yenye silinda zilizolala.

Kujua kama koni yako inapitisha vumbi ni rahisi: fungua bomba nyuma ya chujio, upande wa turbo, na ufute ndani kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kitoke safi. Kikitoka na rangi ya udongo, tupa koni hiyo bila kujali jina lililoandikwa juu yake.

Kuna pia suala la mafuta ya koni. Chujio la pamba hunyunyiziwa mafuta maalumu ili linase vumbi. Aliyenyunyizia mengi kupita kiasi anayapeleka mafuta kwenye waya wa sensa, waya unafunikwa, na kompyuta inaamini hewa ni kidogo kuliko ilivyo. Ukiendelea na koni, chukua ya nyuzi kavu isiyohitaji mafuta, na uiwekee kinga ya bati la alumini kutoka upande wa injini. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na wa Gerezani wanakunja bati kama hilo kila siku kwa masanduku ya shule. Kinachohitajika ni kiolezo cha kadibodi ulichokata mwenyewe ndani ya gari, na raba ukingoni ili boneti ikifungwa izibe juu.

Seti ya dukani

Cobb, AEM na K&N zote zimewahi kuuza seti za WRX. Faida yake kubwa ni kwamba mtu mwingine alishapima mahali pa sensa, na wengi wanaotuni wana ramani (majedwali ya kompyuta) ya kuanzia kwa seti hizo. Kwa anayepanga kubadilisha turbo na kutuni kwa mtu anayejulikana, seti yenye jina inaokoa muda mwingi wa kutafuta.

Angalia mambo mawili kabla ya kuagiza. Seti nyingi zimetengenezwa zikilenga gari la soko la Marekani, usukani wa kushoto na injini iliyoratibiwa tofauti na ya Japani. Bomba linaweza kuingia bila shida ilhali ramani iliyokuja nayo haifai kabisa gari lako. La pili, kuna seti zinazoshusha chujio hadi chini kabisa ndani ya madigadi. Hapo ndipo hewa ilipo baridi, na hapo ndipo maji yalipo pia.

Maji hayagandamiziki. Silinda moja ya EJ20 ina ujazo wa karibu mililita 500, na kwa uwiano wa mgandamizo wa 8 nafasi inayobaki pistoni ikifika juu ni mililita 70 hivi. Maji yakizidi hapo, kikombe kidogo tu cha kahawa, pistoni haina pa kwenda na fito ya konrodi inapinda. Aliyewahi kuvuka Jangwani siku ya masika, au kukwama maji ya Mombasa Road, anaelewa kwamba chujio lililo usawa wa bampa halifai gari la kila siku. Hata wenye Impreza za mashindano walijua hili: Subaru alizoshindia Safari Rally Colin McRae mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000 zilikuwa na bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu kando ya kioo cha mbele, kwa ajili ya mito ya njiani. Timu tajiri kama ile, yenye kila njia ya kupata hewa baridi ya chini, ilichagua kuipandisha.

Ya kutengenezesha

Sasa kwa nini mtu atengenezeshe? Naona sababu tatu zinazosimama. Ameweka turbo kubwa na kipimo cha mpira wa maji kimeonyesha boksi linabana. Amehamisha vitu, kama intakula ya mbele, na njia ya zamani imezibwa. Au gari lilinunuliwa likiwa na koni, boksi la asili lilishapotea, na boksi la mtumba halipatikani. Anayetengenezesha kwa sababu ya nguvu tu kwenye WRX ambayo haijabadilishwa kitu atatumia pesa nyingi kupata kidogo.

Ukiamua, moyo wa kazi yote ni kipande kifupi cha bomba ambamo sensa ya hewa inakaa. Sensa hiyo ni waya wa moto. Hewa inaupoza, na kompyuta inahesabu uzito wa hewa kutokana na umeme unaohitajika kuutunza joto. Lakini waya unaonja hewa inayoupitia tu. Kompyuta inakadiria iliyobaki kwa kuamini kwamba kipenyo cha bomba ni kilekile cha kiwandani. Na hapa ndipo utamsikia fundi, vernia (kipimo cha kipenyo) mkononi: "Bosi, hii ni sitini na tano. Tukuwekee sabini, ipumue."

Piga hesabu ya alichosema. Eneo la bomba linakwenda na kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo kutoka milimita 65 hadi 70 ni ongezeko la asilimia 16. Hewa ileile sasa inapita polepole zaidi mbele ya waya, na kompyuta inaona pungufu kwa karibu asilimia 14. Inapunguza mafuta. Ukiendesha taratibu, sensa ya oksijeni inagundua na kompyuta inasahihisha. Ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta inaacha kusikiliza sensa ya oksijeni na kufuata jedwali lake, na hapo injini inapata mafuta pungufu wakati ambao msukumo na joto viko juu kabisa. Injini inaanza kugonga, na kwenye familia ya EJ kinachovunjika mapema ni kingo za pistoni zinazoshika ringi.

Hivyo una njia mbili tu za heshima. Ya kwanza: kata kile kipande cha sensa kutoka boksi la kiwandani lililokufa, au tengenezesha kingine chenye kipenyo cha ndani kilekile kwa vernia, sensa ikiingia kwa kina kilekile na ikitazama upande uleule. Upana uuongeze mbele na nyuma yake ukipenda. Ya pili: ongeza kipenyo, halafu upeleke gari kutuniwa na jedwali la sensa liandikwe upya. Kwa Subaru zana zipo: EcuTek, Accessport ya Cobb, na RomRaider ambayo ni ya bure kwa anayejua anachofanya. Njia ya tatu, ya "tufunge tuone", ndiyo inayojaza gereji injini zilizofunguliwa.

Kabla ya sensa bomba linyooke, angalau mara mbili ya kipenyo chake na zaidi ukipata nafasi. Kona iliyo karibu na sensa inazungusha hewa, usomaji unayumba, na gari linatetemeka likiwa sailensa, injini ikiwaka bila kukanyagwa. Kabla ya kukata chochote, hesabu mipira midogo yote inayoingia kwenye njia ya hewa kati ya sensa na turbo: wa mvuke wa injini, wa kidhibiti cha msukumo, na ule mkubwa kidogo unaorudisha hewa kutoka kwenye vali ya kupunguzia msukumo. Kila mmoja lazima upate tundu lake kwenye bomba jipya, na upande uleule wa sensa. Mwenye kuifungulia vali hiyo nje ili isikike ikipuliza ajue kwamba hewa inayotoka pale ilishapimwa na ilishatengewa mafuta. Ndiyo maana gari linatema moshi mweusi kati ya gia.

Kuhusu malighafi watu wanabishana kupita kiasi. Alumini ni nyepesi na haishiki kutu, lakini inataka mchomeleaji mwenye mashine ya gesi ya argoni na mkono uliozoea, na hao ni wachache. Chuma cha pua ni kizito kidogo, wachomeleaji wake ni wengi zaidi, na hakipitishi joto haraka kama alumini. Joto la bomba lenyewe nisingelipa usingizi wangu: kwa gramu 250 kwa sekunde ndani ya bomba la milimita 65, hewa inakwenda karibu mita 65 kwa sekunde, na nusu mita ya bomba inapitwa kwa chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Haina muda wa kupata moto.

Bomba la PVC la fundi bomba nalo linajitokeza kila mara kwa sababu ya bei. Halifai hapa. Limekusudiwa maji yasiyozidi nyuzi 60, linalegea likikaribia 80, na kwenye EJ turbo imekaa nyuma ya injini upande uleule wa kulia ambako bomba linapita. Likilegea huku linavutwa, linajibana lenyewe. Kwa kiolezo cha kupimia kona kabla ya kuchomelea chuma, hapo PVC ni nzuri sana.

Viungo viwe vya hozi ya silikoni, na ncha za bomba zivimbishwe ukingoni ili hozi isichomoke. Injini inacheza kwenye mauntini zake huku boksi limefungwa kwenye bodi, kwa hiyo angalau kiungo kimoja kiwe na mkunjo laini unaokubali kucheza. Bila hivyo mchomeleo utapasuka, kwa kawaida usiku na mbali na nyumbani. Na bomba lote lioshwe ndani baada ya kuchomelewa na kutobolewa, lipigwe brashi, lioshwe tena. Gurudumu la turbo linazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na chembe moja ya chuma iliyobaki kwenye mchomeleo inatosha kulichonga.

Mwisho wa bomba, jenga boksi. Sanduku la bati la alumini linalozunguka chujio, lenye mdomo kuelekea tundu la awali la madigadi, juu ya usawa wa maji, limezibwa kwa raba dhidi ya boneti. Chujio liwe kubwa kadiri sanduku linavyoruhusu, kwa kuwa ukubwa wa eneo la chujio unapunguza kizuizi bila kulegeza unasaji wa vumbi. Ukimaliza na kukitazama, utaona umejenga upya kitu kinachofanana sana na alichojenga Subaru, kwa bomba pana zaidi. Hilo ni dalili nzuri.

Thamani ya hewa kabla ya turbo inajulikana vizuri na waliowahi kuidhulumu. Magari ya WRC, mashindano ya dunia ya rali, yalilazimishwa kuvutia kupitia tundu la milimita 34, na mwaka 1995, kwenye mashindano ya Catalunya, Celica GT-Four za Toyota zilikutwa na kifaa kilichofungua upenyo wa siri pembeni ya tundu hilo. Toyota ilifungiwa mwaka mzima. Lakini zile zilikuwa injini zilizobanwa kwa kanuni. Yako imebanwa na nini? Hilo ndilo mpira wa mwashi unakujibu.

Baada ya kufunga, njia yoyote

Soma marekebisho ya mafuta ya muda mrefu yaliyohifadhiwa na kompyuta, gari likiwa limepata moto. Ndani ya asilimia 5 juu au chini ni sawa. Yakipita 10, kuna uvujaji au kipenyo cha sensa si kile. WRX nyingi za Japani haziongei na vile vifaa vidogo vya bei rahisi vya bluetooth, zinataka programu inayojua lugha ya Subaru, mfano FreeSSM au kisomaji cha RomRaider. Kisha weka sensa pana ya oksijeni kwenye bomba la moshi, hata ya kuazima, na uangalie mchanganyiko ukikanyaga hadi mwisho. Kwa EJ ya turbo kwenye petroli unataka kuona karibu 11 kwa 1, hewa kwa mafuta kwa uzito. Ukiona 12 na nusu inapanda, achia mguu na usirudie hadi mtu wa kutuni aone.

Mwenye Altezza nilimwahidi hukumu yake. Kwako joto la mlangoni ni la kwanza, kwa kuwa hakuna intakula ya kusawazisha, hivyo koni wazi ndani ya chumba cha injini ni hasara tupu. Boksi lililozibwa linalovuta hewa ya nje ndilo la kujenga, na bomba liwe la urefu wa kutosha, kwa sababu kwenye injini isiyo na turbo urefu huo unagusa nguvu za mizunguko ya kati.

Na aliyebadilisha lolote kati ya haya asiliuze boksi la kiwandani. Lifute, lifunge kwenye mfuko pamoja na klempu zake na kopo la madigadi, uliweke darini. Siku ya kuuza gari, mnunuzi anayejua Subaru ataliulizia kabla hata ya kuuliza kilomita.